Hackintosh Mombasa: diski na RAM za kununua, kuanzia zinazofaa hadi za kuepuka

Mtu akiamua kujiundia Hackintosh, yaani kompyuta ya mezani isiyo ya Apple ya kuendesha macOS, mfumo wa Apple, fikira zote huenda kwenye prosesa na kadi ya picha. Diski hungoja mwisho, inunuliwe kwa chenji iliyobaki. Mimi nakushauri uigeuze foleni hiyo. Diski isiyopatana na macOS inaweza kuangusha mfumo katikati ya usakinishaji, na utahangaika kutafuta chanzo kila mahali isipokuwa hapo, kwa sababu diski hiyohiyo inafanya kazi vizuri kwenye Windows. RAM haina makeke kiasi hicho. Ndiyo maana maneno mengi hapa chini ni ya diski.

Kabla hujatoa hata shilingi, jua mambo mawili. Leseni ya Apple inaruhusu macOS isakinishwe kwenye kompyuta za Apple pekee, kwa hiyo ukikwama hakuna wa kumpigia simu. La pili ni kubwa zaidi kwa mfuko wako: Apple ilianza kuziacha prosesa za Intel mwaka 2020, na macOS 26 Tahoe iliyotoka 2025 ndiyo toleo la mwisho litakaloendesha Mac za Intel. Mashine utakayounda leo bado ina kazi ya kufanya, hasa kwa wapiga video wa harusi na studio za kaswida zinazotegemea programu za Apple za Final Cut (video) na Logic (muziki), lakini safari yake ina kikomo. Basi weka pesa kwenye kitu kitakachohama nawe. Diski ya NVMe, yaani SSD ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, unaweza kuitoa kesho, ukaitia kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye Mac mini. RAM ya DDR4 haitaingia kwenye Mac yoyote mpya.

Diski za kuweka mfumo

Nafasi ya kwanza naipa familia ya WD Black: SN770, SN750 ukibahatika kuipata, na SN850X. Hizi zimetumiwa miaka mingi na waundaji wa Hackintosh na hazina historia ya kugombana na macOS. Kati ya hizo tatu, usikimbilie ya bei ya juu kabla hujajua ubao mama wako. Prosesa za Intel za kizazi cha 10, ambazo ndizo za mwisho Apple kuzitumia kwenye iMac, zinaishia PCIe 3.0, kizazi cha tatu cha njia inayounganisha diski ya NVMe na prosesa. Hapo diski yoyote, hata iandikwe megabaiti 7,000 kwa sekunde kwenye boksi, itakupa kama 3,500. Kwa ubao wa namna hiyo SN770 inatosha kabisa, na tofauti ya bei iongeze kwenye ukubwa. Terabaiti 1 ndiyo saizi ninayoipendekeza. Ya gigabaiti 256 itajaa upesi ukishaweka programu na mradi mmoja wa harusi wa 4K.

Nafasi ya pili ni Kingston KC3000, pamoja na diski nyingine zenye kidhibiti (chipu inayoiendesha diski) cha Phison E12, E16 au E18. Kingston ina faida yake hapa kwetu: ukitembea Moi Avenue au Digo Road, ni jina utakalolikuta dukani bila kuagiza Nairobi. Ila soma boksi vizuri. Muuzaji anaweza kukupa NV2 akisema "kwani si ni Kingston ileile?" Si ileile. Kingston haiahidi ni kidhibiti gani wala chipu za aina gani zitakuwa ndani ya NV2, kwa hiyo mbili zenye jina moja zinaweza kuwa tofauti ndani. Kwa Windows pengine hilo halina uzito. Kwa macOS, ambako kidhibiti ndicho kila kitu, mimi sitoi pesa kwa kitu nisichokijua.

Nafasi ya tatu ni SSD ya SATA, ile ya muunganisho wa zamani zaidi, na hapa Crucial MX500 au Samsung 870 EVO. Kasi yake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, ndogo ukilinganisha na NVMe, lakini hazisumbui, na ubao wa zamani usio na M.2, nafasi ndogo ya kuchomeka NVMe, hauna njia nyingine. Ukizitumia, kumbuka macOS haiwashi TRIM, yaani kuijulisha diski nafasi zilizofutwa, yenyewe kwa SSD za SATA ambazo si za Apple. Fungua Terminal, andika sudo trimforce enable, kubali, kompyuta ijiwashe upya. Usipofanya hivyo diski itazidi kuwa nzito kadiri inavyojaa. NVMe hazihitaji hatua hii. Kuhusu Crucial, jua pia kwamba kampuni mama, Micron, ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Warantii bado inaheshimiwa, ila usishangae zikipungua madukani.

Samsung za NVMe, hasa 970 EVO Plus, nazitaja peke yake kwa sababu wengi wanazo tayari. Za mwanzo ziliangusha macOS mpaka Samsung ilipotoa fimwea mpya (programu ya ndani ya diski), na kuisasisha fimwea hiyo ni lazima kabla ya kusakinisha. Hata baada ya hapo, kuanzia toleo la macOS la Monterey la 2021, kuwaka kwake kunaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, kwa kuwa mfumo hufanya TRIM wakati wa kuwaka na vidhibiti vya Samsung huifanya polepole. OpenCore, programu inayoiwasha macOS kwenye Hackintosh, ina mpangilio wa SetApfsTrimTimeout, lakini kuanzia Monterey kinachofanya kazi ni kuuweka 0 tu, na hapo unakuwa umeizima TRIM ya kuwakia. Kama unayo, itumie. Kama unanunua upya kwa ajili ya macOS, pesa hiyo ipeleke kwenye WD.

Diski za kuzunguka usiziwekee mfumo. Tangu Mojave ya 2018, macOS huzigeuza ziwe APFS (mpangilio wa Apple wa kuhifadhi faili) pia, na APFS ilibuniwa kwa SSD. Kwenye diski ya kuzunguka utasubiri kila kitu. Zinafaa kuhifadhi video zilizokwisha kukabidhiwa mteja na kwa nakala za Time Machine, basi.

Za kuepuka, na jinsi ya kuzitambua kaunta

Hapa ndipo nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo mnunuzi wa Mombasa anapoumia zaidi. Soko letu limejaa laptopu za ex-UK, na zikivunjwa, diski zake huuzwa peke yake kwa bei tamu. Nyingi ni Samsung PM981, PM981a na PM991, au Micron 2200S. Hizi zinajulikana kote duniani kwa kuangusha macOS: usakinishaji unafika mahali, skrini inakatika, kompyuta inajiwasha upya, na mzunguko unaanza tena.

Muuzaji huenda asijue hayo, wala si kosa lake. Yeye ameipima kwenye Windows ikakubali. Wewe iombe mkononi, igeuze kwenye mwanga, na usome kibandiko. Jina PM981 huandikwa kwa herufi ndogo, na wakati mwingine halipo. Tafuta namba ya modeli. Ikianza na MZVLB, hiyo ni PM981 au PM981a. Ikianza na MZVLQ, ni ya ukoo wa PM991. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa au kukwaruzwa, rudisha na useme ahsante.

Intel Optane Memory, kijiti kidogo cha kuharakisha diski, nayo iache; macOS haiitumii kama Windows inavyoitumia. Hifadhi ya eMMC, chipu ya hifadhi ya laptopu za bei nafuu, vilevile.

Kosa jingine la kaunta ni kuchanganya M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe. Zote zina umbo moja, upana wa milimita 22 na urefu wa 80 kwa zile za 2280. NVMe kwa kawaida ina pengo moja kwenye meno yake, ya SATA ina mawili, ila zipo NVMe chache zenye mawili, kwa hiyo pengo lisiwe ushahidi pekee. Mwambie muuzaji aandike neno NVMe kwenye risiti. Kama unatoka Likoni au Mtwapa, neno hilo moja litakuokoa nauli ya kurudi kubadilisha na ubishi wa "hukusema".

Soma pia kitabu cha ubao mama. Mbao nyingi hufunga mlango mmoja au miwili ya SATA pale unapojaza nafasi fulani ya M.2. Diski yako ya SATA ya kuhifadhia picha ikipotea ghafla baada ya kuweka NVMe, anza kuangalia hapo. Na kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, hakikisha SATA iko kwenye hali ya AHCI. Ikiwa kwenye RAID au RST, macOS huenda isione diski hata moja.

Joto la Pwani si jambo dogo. NVMe ikipata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe, na chumba kisicho na AC hapa mjini huanza siku kikiwa na joto tayari. Nunua bamba la kupozea kama ubao wako haukuja nalo, na kasha la kompyuta lenye feni ya mbele. Ni pesa kidogo.

RAM

macOS haichagui kampuni ya RAM. Corsair, Kingston Fury, G.Skill, zote zinakubali. Kinachoamua ni ubao mama. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kwa nguvu, kwani pengo la kila moja liko mahali pake. Angalia pia usipewe SODIMM ya laptopu kwa kompyuta ya mezani.

Kiasi nakipanga hivi. Gigabaiti 32, yaani vijiti viwili vya 16, ndicho chaguo la kwanza kwa anayehariri video au kurekodi muziki. Gigabaiti 16, viwili vya 8, zinatosha kazi za ofisi na uhariri mwepesi. Gigabaiti 64 ni za mwenye maktaba kubwa za sauti kwenye Logic. Gigabaiti 8 ziache. Ukitaka uhakika badala ya kukisia, fungua Activity Monitor katikati ya kazi yako ya kawaida, sehemu ya Memory. Grafu ikibaki ya kijani huhitaji kuongeza. Ikiwa ya njano au nyekundu, na Swap Used (sehemu ya diski inayotumika badala ya RAM) inapanda, ongeza. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei duniani kote kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinamaliza chipu, kwa hiyo kununua zaidi ya unachotumia ni kujinyima.

Nunua vijiti viwili vya pakiti moja, si kimoja kikubwa. Vikiwekwa kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kama mbao nyingi zinavyotaka, hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, na kadi ya picha ya ndani ya prosesa, Intel UHD 630, inayochota RAM hiyohiyo hufaidika. Kasi nayo ina mipaka: kwenye ubao wa B460 au H410 wenye Core i5 ya kizazi cha 10, RAM haivuki 2666, hata boksi liseme 3600. Usilipie 934 usizozipata.

RAM iliyotumika inafaa, tena huokoa pesa, lakini ikague. Hewa ya bahari hula meno yake ya dhahabu. Yakiwa yamefifia tu, raba ya penseli au spiriti itayang'arisha. Ukiona madoa ya kijani au weusi uliochimba ndani, usichukue.

Ukichagua utambulisho wa MacPro7,1 kwenye OpenCore, ili kompyuta yako ijitambulishe kama Mac Pro, macOS inaweza kukulalamikia kwamba RAM imepangwa vibaya, kwa sababu Mac Pro halisi ina nafasi 12. RAM yako haina ubovu. Faili la RestrictEvents.kext huondoa onyo hilo.

Ukifika nyumbani, usisakinishe chochote usiku wa kwanza. Acha XMP, mpangilio wa BIOS wa kuongeza kasi ya RAM, ikiwa imezimwa, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache iende mpaka asubuhi, stima ikiruhusu. Kosa hata moja likitokea, rudisha kijiti dukani ukiwa na risiti na ujumbe wa M-Pesa, siku hiyohiyo.