Jukwaa la taifa au seva ya shuleni: ipi yafaa Lamu?

Tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa ajili ya korona, mjadala haujaisha: masomo yawekwe kwenye jukwaa moja la taifa, kama lile la KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, au kila shule iwe na seva yake ndogo, yaani kompyuta ya kuhifadhi masomo, yenye programu kama Kolibri, inayofanya kazi bila intaneti?

Kwa gharama, jukwaa huonekana nafuu kwa sababu serikali ndiyo inayolijenga. Lakini bando analipa nani? Mzazi. Mvuvi wa Kizingitini akilazimika kuchagua kati ya bando la video ya hesabu na unga wa jioni, atanunua unga, na hana kosa. Seva hudai pesa nyingi mwanzoni, kisha darasa zima husoma kwa Wi-Fi ya shule bila kununua bando.

Kwa kutegemeka, visiwani seva inashinda. Mtandao ukikatika Faza, somo linaendelea mradi sola ina chaji.

Seva inapolemewa ni kwenye matunzo. Hewa ya chumvi hula matundu ya USB hadi yageuke kijani, kwa hiyo seva yataka kufunikwa, kufutwa, na mwalimu mmoja kukabidhiwa. Mtaala ukibadilika, mtu apande boti na diski ya masomo mapya. Jukwaa hurekebishwa mara moja Nairobi, kila shule ikapata.

Shule ya Mokowe au ya Amu, yaani mji wa Lamu, yenye umeme na mtandao thabiti, ianze na jukwaa. Ya Ndau au Kiunga, nashikilia seva kwanza, na mwalimu apakue masomo mapya kila aendapo Amu.