Nyaraka za pandas, Django na ReportLab: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Maktaba ya programu huria, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao yeyote anaweza kuutumia kwenye programu yake, naipima kwa nyaraka zake (maelezo ya jinsi ya kuitumia) kwanza, msimbo baadaye. Kazi yangu ni kuandika programu ndogondogo kwa lugha ya Python kwa ajili ya vyama vya msingi vya wakulima wa korosho, na minada ikishaanza karani hana muda wa kunisubiri nihangaike na video za YouTube.

pandas, maktaba ya kushughulikia majedwali ya data, naipa nyota nne. Orodha za wakulima huja kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, thamani zikitenganishwa kwa koma), na namba ya mkulima huanza na sifuri, tuseme 00417. Ukilisoma faili kwa read_csv, amri ya pandas ya kusoma CSV, hivihivi, pandas inaichukulia kuwa hesabu, inabaki 417, na malipo hayaoani tena na daftari la chama. Dawa imeandikwa kwenye ukurasa wenyewe wa read_csv: kigezo cha dtype, unaitaja safu wima hiyo kuwa str, yaani maandishi. Shuka chini utakuta thousands, cha kuondoa koma kwenye 1,250,000. Vigezo ni zaidi ya 40 na kila kimoja kina maelezo yake. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mifano ya maana iko kando, kwenye mwongozo wa mtumiaji, na anayeanza hajui kama kuna huko.

Mabadiliko wanayatangaza mapema, na hilo nalithamini sana. Toleo la 1.4, Januari 2022, lilisema append, amri ya kuongeza mistari kwenye DataFrame (jedwali la pandas), itaondolewa, tumia concat. Ikaondolewa kweli kwenye 2.0, Aprili 2023. Masomo mengi mtandaoni bado yanafundisha append, na vijana wanaojifunza peke yao wanakwama hapo bila kujua kosa si lao.

Django, ya kujengea tovuti, nyota tano. Kila ukurasa unaonyesha ni wa toleo gani, somo la mwanzo linakujengesha programu ya kura hatua kwa hatua, na nyaraka zote unazipakua kwa PDF au ePub. Mwenye intaneti ya uhakika hataona uzito wa hili la kupakua. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na mtandao ukaanza kusuasua nchini, mwenye nyaraka kwenye kompyuta yake aliendelea na kazi. Kwa pandas, andika help(pd.read_csv) na maelezo yote yanashuka kwenye skrini bila kula bando.

Kuna maktaba nyingine, ndogo, niliyoitumia kuchapa stakabadhi. Nyaraka zake ni aya mbili na mfano wa toleo lililokwisha kupitwa. Ukitaka kubadili upana wa jedwali, usome msimbo wenyewe. Nimeiacha. Sasa natumia ReportLab, maktaba ya kutengeneza PDF, ambayo mwongozo wake ni PDF moja ya kurasa zaidi ya 100, na sura ya majedwali peke yake ilinitosha kupanga kilo, daraja na makato kwenye karatasi moja.