Briketi kwenye boila ya kiwanda cha chai: zinafaa, ila zipime kabla ya kulipa

Kiwanda cha chai hula kuni kuliko umeme. Joto la kunyausha na kukausha majani huchukua zaidi ya robo tatu ya nishati yote, kwa hiyo meneja anayetaka kupunguza hewa ukaa na kuupumzisha msitu aanzie kwenye boila. Bidhaa tunayoitathmini hapa ni briketi za maranda ya mbao na za bagasi, yaani makapi ya miwa iliyokamuliwa, zilizoshindiliwa kwa mashine bila kugeuzwa mkaa.

Muuzaji atakuambia tani moja ya briketi ni sawa na tani mbili za kuni. Ni kweli, kama kuni zako ni mbichi. Mti uliokatwa juzi una maji karibu nusu ya uzito wake, na kilo moja hutoa takriban megajuli (kipimo cha joto) 8 tu, kwa sababu moto hutangulia kuyachemsha maji hayo. Briketi nzuri yenye unyevu wa asilimia 8 hutoa 16 hadi 17. Lakini kuni hizohizo zipasuliwe ziwe na unene usiozidi sentimita 10, zipangwe juu ya magogo zisiguse ardhi, chini ya paa lisilo na kuta. Baada ya miezi minne hadi sita zitashuka hadi unyevu wa asilimia 20 au 25, na kila kilo itatoa megajuli 13 hadi 14. Hapo tani ya briketi haistahili kulipiwa zaidi ya takriban mara 1.2 ya bei ya tani ya kuni kavu. Viwanda vingi hulinganisha na kuni mbichi, na huko ndiko pesa zinakopotelea.

Mzigo ukifika, shika briketi moja. Iliyotoka kwenye mashine ya parafujo ina tundu katikati na ngozi nyeusi iliyoungua kidogo, na ngozi hiyo huichelewesha kunyonya unyevu. Ya mashine ya pistoni haina tundu, na hukatika visahani visahani. Iangushe kwenye saruji kutoka usawa wa kifua, mara tatu. Ikikatika vipande viwili, sawa. Ikimwagika unga, ikatae, maana unga huo utapenya kwenye chanja, yaani vyuma vinavyobeba moto, na kutoka na majivu bila kuungua. Kisha ponda kipande, pima gramu 100, uziache usiku kucha kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105. Gramu zilizopungua ndizo asilimia ya unyevu. Zikizidi 12, bei ishuke, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Uliza pia zimetengenezwa kwa nini. Maranda safi huacha majivu chini ya asilimia 2. Bagasi huacha zaidi, hasa ikizolewa pamoja na udongo. Pumba za mpunga huacha karibu asilimia 20, nyingi yake silika, madini ya mchanga, ambayo ikikutana na potasiamu kwenye moto mkali huyeyuka na kuganda juu ya chanja kama vigae vya chupa. Hewa hukosa njia, presha hushuka, na mwendesha boila hana budi kupunguza moto na kuvivunja kwa mtaimbo.

Kosa la kawaida ni kuzichoma kama magogo. Tia kidogo kidogo, tabaka la moto lisipite sentimita 20, punguza hewa ya chini na kuongeza ya juu, kwani sehemu kubwa ya joto hutoka kwenye gesi zinazowaka juu ya moto. Moshi mweusi maana yake umejaza kwa mkupuo au hewa haitoshi. Mweupe mzito, unyevu. Joto la bomba la moshi likipanda nyuzi 20 kwa mzigo uleule wa mvuke, takriban asilimia 1 ya ufanisi imekwenda: piga brashi masizi.

Mvua haina huruma nazo. Briketi ikiloa hufumuka ikarudi kuwa maranda, na turubai pekee hutoa jasho. Zinahitaji ghala lenye paa na mbao chini.

Kwa hewa ukaa, faida kubwa ni pale zinapochukua nafasi ya mafuta mazito: tani 10 huepusha takriban tani 11 za kaboni dioksidi, ilhali lori la kuzileta, kwa safari ya jumla ya kilomita 100, kwenda na kurudi, hutoa chini ya kilo 100. Zikichukua nafasi ya kuni za shamba lako linalopandwa upya, kaboni haipungui sana. Zikichukua nafasi ya kuni zisizojulikana zilikokatwa, unaokoa msitu wenyewe. Nyayo Tea Zones, mashamba ya chai ya serikali ya Kenya kandokando ya misitu, zilianzishwa mwaka 1986 ili chai iwe ukanda wa kuulinda msitu, na inauma kuona chai ikikaushwa kwa miti iliyotoka nyuma ya ukanda huo.

Tunazipa 7 kwa 10: za maranda kwanza, za bagasi iwapo kiwanda kiko karibu na miwa, kama Kericho ilivyo jirani na Muhoroni, na za pumba za mpunga tusingezichukua. Kabla ya oda ya kwanza, ziba mivujo ya mvuke, funika mabomba yaliyo wazi na urudishe maji ya moto kwenye tangi la boila; kila nyuzi 6 yanazoongeza huokoa karibu asilimia 1 ya kuni.