Makao ya wazee alikohamia shangazi: mchana nyota nne na nusu, usiku na wikendi tatu tu

Watu wengi wananiuliza hapa mahali pakoje kwahiyo naandika mara moja yaishe, jina silitaji maana shangazi bado anaishi pale na sitaki maneno. Kwa kifupi, kama mzee wako bado anatembea hata kwa fremu, kichwa kipo sawa, anachohitaji ni mtu wa kumsaidia kuoga na kuvaa na kumpa dawa kwa wakati, mpeleke tu. Kama ana ule ugonjwa wa kusahau na umeshakolea, anaamka usiku anatafuta mlango aende kwao, hapana, tafuta sehemu iliyojipanga kwa hao, hawa wanasema wanapokea wote lakini hawajajipanga.

Nianze na mapokezi kwasababu ndo utakapokaribishwa. Makochi, maua, piano ambayo sijawahi kusikia mtu akiigusa, na dada wa mauzo ana majibu ya kila kitu. Pazuri sikatai, ila pale pametengenezwa kwa ajili yetu sisi tunaolipa, shangazi hashindi mapokezi, yeye yupo chumbani na kwenye korido na bafuni. Mi nikaomba kuonyeshwa bafu kwanza na hapo nawapa maksi zote: vyuma vya kushikilia vipo pande zote za choo, sakafu haitelezi hata ikiwa na maji, hakuna kizingiti cha kuruka unapoingia kuoga, na kamba ya kuita msaada inashuka mpaka karibu na sakafu. Hiyo kamba iangalieni jamani, sehemu nyingine tuliyotembelea walikuwa wameifunga fundo juu huko eti inawasumbua wakideki, sasa mtu keshaanguka yupo chini ataivuta na nini?

Wahudumu wa mchana ndo wanaoibeba hii sehemu. Wanabisha hodi kabla ya kuingia, kitu kidogo lakini ukitembelea kadhaa utaona wasiobisha ni wengi. "Mama, tuoge sasa hivi au tukuache kwanza?" na akisema aachwe wanamwacha kweli. Alafu wanamsubiri afunge vifungo vyake mwenyewe hata kama anachelewa, na hii ndo sababu kubwa ya mimi kuwapenda, kwasababu mhudumu mwenye haraka anamvalisha mzee kila kitu, kazi inaisha chapchap, na mzee asipotumia mikono yake uwezo unapotea na kuurudisha ni shughuli.

Na uwezo ukipotea bili inapanda, hili hawakuambii mapokezi. Wanampima mzee kwa mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani au kwenye kiti, kujizuia haja, na kula mwenyewe. Ni kipimo cha zamani, daktari mmoja Mmarekani anaitwa Sidney Katz na wenzake walikichapisha 1963 na mpaka leo sehemu nyingi wanakitumia hicho hicho au ndugu yake. Kila anaposhindwa jambo unapandishwa daraja la huduma, na daraja lina bei yake juu ya ile bei uliyotajiwa mwanzo. Kwahiyo siku ya kupimwa uwepo, usiwaachie wenyewe. Shangazi waliandika hawezi kutoka kitandani mwenyewe wakati walimpima asubuhi kabla hajameza dawa ya maumivu ya viungo, nikagoma, wakampima tena mchana akasimama vizuri tu.

Kwenye mkataba wamepoteza nusu nyota. Kumsindikiza hospitali kunalipiwa pembeni, pampasi za watu wazima pembeni, na mstari unaosema wanaweza kumtaka ahame "mahitaji yakizidi uwezo wetu" haujasema ni mahitaji gani wala atapewa muda gani kuhama. Tuliwabana mpaka wakaandika kwa maneno yanayoeleweka, pamoja na ile hela ya kutanguliza inarudi vipi akihama au akifariki. Waliandika, ila kwanini mpaka ubane?

Sasa usiku. Kwanza ile jioni jua likizama, wenye ugonjwa wa kusahau wengi wao ndo muda wanahangaika, wanalia, wanataka kuondoka, na hapa ndo muda huo huo watu wa mchana wanakabidhiana zamu na wa usiku. Yaani vurugu. Usiku wenyewe nimekuta mhudumu mmoja ghorofa nzima, mtu mzuri tu na anajitahidi, lakini aliyelala kitandani hawezi kujigeuza inabidi ageuzwe mara kwa mara, kila masaa mawili hivi ndo kawaida, la sivyo anapata vidonda, sasa mmoja akiwa anamgeuza huyu, kengele ya yule nani anaipokea? Niliisikia ikilia muda mrefu sana. Wikendi nako ni televisheni asubuhi mpaka jioni, ile ratiba ya shughuli ya rangi rangi ukutani inaishia ijumaa.

Ila nesi wao, huyo nyota tano peke yake. Kuna siku shangazi aliamka anaongea vitu havieleweki, hajui yuko wapi, na sehemu nyingi wangesema ndo uzee huo. Nesi akanipigia asubuhi ile ile, keshapima mkojo, kumbe ni maambukizi, akapata dawa na akili ikarudi. Mzee akichanganyikiwa ghafla kuna kitu, maambukizi au dawa mpya au maji hayatoshi mwilini, maana kiu yenyewe wanakuwa hawaisikii sana. Hapa kikombe kinawekwa anapofikia mkono na wanakijaza, nimekagua.

Yeye mwenyewe shangazi anasema yupo sawa, analalamikia redio ya jirani tu. Alikaa kwa majaribio kwanza kabla hatujaachia nyumba yake, na masharti yake yalikuwa mlango unaofungwa kwa ndani na dirisha linaloona watu wanaopita, mambo ambayo sisi kwenye mahesabu yetu hatukuyaweka kabisa.

Meneja kaniambia wanaajiri wa zamu ya usiku. Nikipita saa nne usiku nikakuta wawili kwenye ghorofa nitarudi kubadilisha nyota.