Kontena la klipu mbili: liwekee mkate, usiliwekee buibui

Nianze na klipu, maana ndizo zilizonifikisha hapa. Yale makontena ya plastiki yanayoonesha ndani, yenye klipu mbili za buluu, yaliyojaa Kikuubo, soko letu la Kampala, siku hizi: muuzaji akikufungia mbele ya macho yako zinalia "ta!" mpaka unaona umenunua sefu ya benki. Unachouziwa ni ile sauti. Kufunga ni habari nyingine.

Mimi ni fundi simu na ninafuga tarantula mmoja jike, wa jamii ya Pterinochilus, hawa buibui wakubwa wenye manyoya wa huku kwetu Afrika Mashariki. Ninamwita Ssenga, yaani shangazi kwa Kiganda, kwa sababu anataka kila mtu akae atakavyo yeye. Watu huuliza kwanza kama anaua. Haui, lakini akikuuma utalia, na misuli inaweza kukukaza hata baada ya maumivu yenyewe kupungua. Tarantula wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha ambazo hukurushia wakikasirika, unajikuna na kuondoka. Wetu hawana hizo. Wetu huinua miguu ya mbele, na usipoelewa, yanafuata meno. Kwa hiyo kifuniko kwangu si pambo.

Sasa tazama klipu zenyewe zilipowekwa: moja huku, moja kule, kwenye pande fupi. Pande ndefu hazina kitu. Kifuniko ni chembamba, chumba changu kimeezekwa mabati, saa nane mchana kinachemka, na katikati ya upande mrefu kifuniko kinainuka kiasi cha kupitisha kidole. Kwa mchele hilo si neno. Lakini Ssenga ana vibrashi vya nywele chini ya miguu vinavyoshika hata kioo, anapanda ukuta wa plastiki bila taabu, na usiku kazi yake ni kuzunguka ukingo akipapasa. Na tumbo lake kubwa lisikudanganye. Penye nafasi ya kupita lile gamba gumu la mbele, tumbo linabonyea na kufuata.

Usiku mmoja, msimu uliopita wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, au karibu na hapo, klipu moja ilikatika. Sisemi ilifunguka. Ilikatika, pale kwenye bawaba yake nyembamba, na hakuna aliyeigusa. Asubuhi Ssenga yuko darini, karibu na kamba ya chandarua. Nilimshusha kwa bakuli na kipande cha kadibodi, polepole, roho mkononi, kwa sababu buibui mzito namna ile akianguka kutoka darini tumbo linaweza kupasuka, na hapo amekwisha. Mama mwenye nyumba hadi leo hajui, na msimwambie.

Hayo ningeyameza. Plastiki ni plastiki. Kilichonipandisha damu ni muuzaji.

Nilirudi dukani na kontena kwapani na kipande cha klipu mkononi. Nikamsalimu vizuri, kwa Kiswahili, na papo hapo uso wake ukageuka. Mnaoishi Kampala mnajua: ukifungua mdomo dukani kwa Kiswahili, ama wewe ni mwanajeshi ama umetoka Kongo. "Afande," ananiambia, na mimi hapo nimevaa ndala, "soma risiti." Risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia, ndugu yangu, pesa sitaki, nipe klipu moja tu, najua zinadondoka kwenye mizigo mkishusha. Akauliza nilikuwa nimeweka nini ndani. Ningeweza kusema mandazi. Nikasema kweli.

"Banange! Afande anafuga majini kwenye kontena langu!" Akamwita jirani, jirani akawaita wapagazi, wapagazi wakatua mizigo kabisa ili wacheke vizuri. Kisha akatamka mbele ya wote kwamba kontena halina kosa, kosa ni la mdudu, maana mkate haujawahi kukata klipu. Ssebo, mdudu yuko ndani na klipu iko nje! Ameikata kwa mkono upi? Nikamwonesha klipu ya pili, ambayo bado nzima, jinsi ilivyoanza kutoka mstari mweupe pale inapokunjwa. Plastiki ikishaweka mstari huo, siku zake zinahesabika. Hakutazama. Alikuwa anamhesabia mteja mwingine chenji, na makontena yale yale, "ta! ta!"

Basi dawa niliipata kwa fundi baiskeli. Mpira wa tyubu, ule ule unaofungia kreti za soda na matenga ya kuku nyuma ya bodaboda. Vipande viwili virefu, vimezunguka kontena zima kwa upana, kila kimoja mbali kidogo na katikati, vinakandamiza zile pande ndefu ambazo klipu hazikuwahi kuzijua. Tangu hapo kifuniko hakiinuki. Msinishauri ile mipira midogo ya kufungia karatasi ofisini, inakauka na kukatika. Selotepu nayo gundi yake huachia, udongo ukiwa na unyevu, na ikiachia ndiyo mguu wa buibui unanasa hapo. Jiwe juu ya kifuniko? Linabonyeza katikati, pembeni panazidi kuinuka.

Matundu ya hewa ni yangu mwenyewe, kwa chuma changu cha kulehemu. Pindua kontena uone namba kwenye pembetatu ya chini. Langu ni 6, plastiki inayong'aa sana na kupasuka upesi, ukitia drili imekwenda. Kwa chuma cha moto inayeyuka vizuri, ila fanyia nje, moshi wake ni mbaya. Toboa pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, tundu lisizidi unene wa njiti ya kiberiti, na tyubu isiyazibe.

Halafu Ssenga amefuma utando mpaka kwenye kifuniko, kila nikifungua nambomolea nyumba. Nikakata shingo ya chupa ya maji, nikaibandika kwenye kifuniko. Nafungua kizibo, natumbukiza mende au nyenje (nsenene simpi, bei yake mnaijua), nafunga. Kizibo cha maji ya shilingi 1,000 kinafunga kuliko klipu za kontena la 18,000. Mtu anieleze.

Sasa tatizo langu ni hili: kontena lenyewe ni zuri. Linaonesha ndani vizuri kuliko dirisha langu, namwona Ssenga akichimba na kubeba udongo, halijapauka, halijapasuka mahali nilipotoboa. Nimeshanunua jingine, kwa duka tofauti, klipu nikazing'oa mwenyewe kabla sijafika nyumbani.

Kwa hiyo nyota mbili. Ukiliondoa klipu na kulifunga tyubu siku ya kwanza, tatu. Kwa mkate na chapati labda hata nne, sina ugomvi na chapati. La, hapana. Nikiwakumbuka wale wapagazi walivyotua mizigo, mbili zinatosha, na ya pili ni ya fundi baiskeli.