Kijitabu cha kumbukumbu ya bibi: kifurushi cha kurasa 16 cha steshenari

Kifurushi chenyewe ni cha kawaida Dar es Salaam: A5, kurasa 16, jalada la rangi, pini mbili katikati, nakala 200 au 300 za Misa ya mazishi au ya arobaini. Kwa kazi ya mashine, huduma hii tunaisifu. Mashaka yako kwenye kinachochapwa.

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne, ndiyo maana vijitabu huenda kwa 8, 12, 16. Wasifu ukizidi mistari mitano tu, utalipia kurasa nne nyingine, au fundi atashusha herufi kimyakimya hadi pointi 8 na wazee washindwe kusoma. Nakala 300 hula karatasi 900 za ndani na 300 za jalada. Ndani weka karatasi ya gramu 100 kwa mita ya mraba, isiyong'aa: gramu 80 huonyesha picha ya upande wa pili, na karatasi ya kung'aa hurudisha mwanga wa taa za kanisa machoni. Jalada la gramu 250 lipigwe mstari wa mkunjo kabla ya kukunjwa, la sivyo rangi hupasuka mgongoni.

Picha ya jalada ndiyo huharibika kuliko vyote. Ili ijaze A5 vizuri inahitaji takriban pikseli 1,750 kwa 2,480, nayo ya WhatsApp huwa imeshabanwa. Itumwe kama dokumenti. Kama iliyopo ni ya pasipoti tu, iskaniwe kwa nukta 1,200 kwa inchi kwenye skana ya mezani, isipigwe na simu. Kisha mwambie fundi asimng'arishe bibi. Wengi wana mazoea ya kufuta makunyanzi na kupausha ngozi, na programu ya kuondoa mandhari hukata ncha ya kilemba pamoja na nusu ya rozari. Wajukuu wanamtaka yule waliyemjua.

Sasa wasifu. Steshenari nyingi zina kiolezo: alizaliwa, alisoma, aliolewa, aliugua, alifariki. Matokeo yake ugonjwa unachukua nusu ukurasa, na miaka sitini ya imani inaishia kwenye "alikuwa mcha Mungu". Neno hilo halimtofautishi na bibi wa jirani. Andikeni jumuiya yake ndogondogo ilikuwa ipi, alishika nafasi gani WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), ni akina nani aliowasimamia ubatizo, rozari ya jioni ilisaliwa saa ngapi na nani walilazimika kuwepo. Tarehe msizikisie: kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatiziwa hubeba pia kumbukumbu ya kipaimara na ndoa, kwa hiyo safari moja ya ofisi ya paroko inamaliza mambo matatu. Mwaka wa kuzaliwa usipojulikana, andika "takriban", usiige kitambulisho.

Urefu? Maneno 600 yanatosha. Yakisomwa taratibu ni kama dakika tano. Utaratibu wa Misa hauruhusu mahubiri ya mazishi yageuke kuwa sifa za marehemu, hivyo mkubaliane na paroko wasifu usomwe lini kabla ya kuuweka kwenye ratiba. Nyimbo nazo zithibitishwe na mwalimu wa kwaya, na zichapwe beti zitakazoimbwa tu. Beti zote sita za wimbo mmoja ni kujaza kurasa.

Orodha ya watoto na wajukuu isomwe kwa sauti na watu wawili wa matawi tofauti ya ukoo kwenye nakala ya karatasi, si kwenye kioo cha simu. Jina la mjukuu likirukwa, hakuna wino wa kulirudisha msibani.

Kwa muda wa siku mbili tatu za mazishi, kifurushi hiki hatukipendekezi. Chukua cha kurasa nne: picha, ratiba, nyimbo, na "Raha ya milele umpe ee Bwana". Cha kurasa 16 kisubiri arobaini, au Misa ya mwaka, parokia ikiwa imeshajibu na picha za kijijini zimeshafika. Ulizia bei ya nakala nzima ikiwa imekunjwa na kupigwa pini, maana baadhi hutaja ya kuchapa peke yake. Dai faili la PDF pia. Na ukanda wa pwani, pini za kawaida hushika kutu na kuchafua kurasa za katikati. Nakala za kabatini zishonwe kwa uzi.