Geuza Wigi Ndani Nje: Tathmini ya Mawigi na Vilemba kwa Mwanamke Aliye Kwenye Tibakemia

Tathmini hii inahusu vitu vya kufunika kichwa ambavyo mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti anaweza kuvipata Dar es Salaam bila kuagiza nje ya nchi: wigi la nyuzi za bandia, wigi la nywele za binadamu, kofia ya satini ya kulalia, khanga, na kilemba cha kitambaa cha fulana kinachoshonwa na fundi cherehani. Nimevitumia vyote katika kipindi cha tibakemia, yaani matibabu ya saratani kwa dawa zinazopitishwa kwenye dripu, na miezi iliyofuata, na hukumu yangu naitaja mapema ili asiye na muda wa kusoma asipoteze fedha. Kwa miezi ya dripu, kilemba cha fulana kilichoshonwa kwa kipimo cha kichwa chako kinayashinda mawigi yote. Na wigi, kama unalitaka, lichaguliwe kwa kugeuzwa ndani nje, kwa sababu kichwa kisicho na nywele hakiguswi na uzuri wa wigi, kinaguswa na mishono yake.

Dawa za tibakemia huziandama chembe zinazogawanyika kwa kasi, na chembe zilizo kwenye mzizi wa unywele ni miongoni mwa zinazogawanyika kwa kasi kubwa mwilini. Kwa kuwa takriban nywele tisa katika kila kumi za kichwani huwa katika hatua ya kukua, dawa ikishaingia kwenye damu karibu zote hudhurika kwa pamoja. Dawa hazilingani katika jambo hili. Doksorubisini, ile ya rangi nyekundu ambayo wagonjwa wengi huiogopa kwa kuiona tu, pamoja na paklitakseli na dositakseli, humwacha karibu kila anayezipata bila nywele, na kwa kawaida nywele huanza kutoka kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya dozi ya kwanza. Mionzi inayopigwa kifuani, kwa upande wake, haiondoi nywele za kichwani, ingawa mtaani mambo haya mawili huchanganywa sana, na anayekwenda kwa mionzi peke yake hana haja ya kununua chochote kati ya ninavyovieleza hapa.

Muda huo wa wiki mbili mpaka nne una maana katika manunuzi. Siku chache kabla nywele hazijaanza kutoka, ngozi ya kichwa huuma kwenye mizizi kana kwamba umesukwa kwa nguvu mno, na zikishatoka ngozi hubaki kavu, laini na yenye kuwasha kwa haraka. Kichwa chenyewe hupungua unene, kwa hiyo wigi lililokukaa vizuri ukiwa na nywele litaanza kuzunguka. Zaidi ya hayo, katika wiki ya kwanza na ya pili baada ya kila dozi chembe nyeupe za damu hushuka, na mchubuko mdogo ambao zamani usingeutazama mara mbili unaweza kuwa mlango wa maambukizi. Ndiyo sababu wauguzi hushauri anayetaka kunyoa atumie mashine ya umeme na aachane na wembe. Bidhaa yoyote ya kichwani inapaswa kupimwa kwa hali hiyo, na hapo ndipo nyingi zinaposhindwa.

Mawigi ya nyuzi ndiyo yaliyojaa Kariakoo, na bei yake ni ya makumi ya maelfu ya shilingi, ilhali yale ya nywele za binadamu huingia kwenye mamia ya maelfu. Kwa nje sikuwa na la kulalamikia: lililokatwa kufikia shingoni, la rangi nyeusi isiyong'aa sana, lilinikaa kama nywele zangu za siku za kwenda saluni. Tatizo liko ndani. Nyuzi hushonwa kwa safu juu ya vipande vyembamba vya lastiki, na kila safu ina ukingo mgumu unaokwaruza. Mwanamke aliyesuka twende kilioni chini ya wigi hatauhisi ukingo huo, kwa kuwa mabutu yake yanaikinga ngozi. Mwenye kipara huhesabu kila safu kabla ya saa sita mchana. Kisha kuna vitana vidogo vilivyoshonewa mbele na nyuma ili vishike nywele. Pasipo nywele havishiki chochote, vinachoma tu, na jambo la kwanza la kufanya ukishafika nyumbani ni kuvifumua kwa mkasi mdogo.

Joto ni kasoro ya pili. Nyuzi nyingi za bandia hazistahimili moto, na mvuke wa kufunua sufuria ya wali unatosha kuzikunja nywele za mbele zisinyooke tena, kwa hiyo wigi la nyuzi si la jikoni. Unyevu wa Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hulifanya lisivalike kwa muda mrefu hata sebuleni, na dawa nyingine za saratani ya matiti huleta vipindi vya joto la ghafla ambavyo havichagui mahali. Yeyote aliyewahi kushuka kwenye bajaji mbele ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road anajua pia kwamba upepo wa bahari pale hauna adabu, na wigi lisilofungwa vizuri hushikiliwa kwa mkono mmoja mpaka mlangoni.

Wigi la nywele za binadamu ni zuri zaidi, na nitalisifu linapostahili: huoshwa, huchanwa, halinuki plastiki, na lesi ya mbele ikiwa nyembamba inaigiza mstari wa nywele kiasi cha kumdanganya hata msusi. Linauzwa, hata hivyo, kwa dhana kwamba litagandishwa. "Dada, hii ukiipiga gundi haitoki hata ukiogelea Koko Bichi," aliniambia muuzaji mmoja, na sina shaka kwamba alisema kweli, kwani hata kwenye ngozi yenye afya gundi hizo huhitaji dawa maalumu ya kuzitoa. Ngozi iliyokaushwa na tibakemia haipaswi kutiwa gundi wala dawa ya kuitoa. Bila gundi, lesi huinuka kwenye paji la uso na uzito wa nywele hulivuta wigi nyuma. Wapo wanaovaa mkanda wa silikoni chini yake ili lishike. Unafanya kazi, lakini huongeza jasho palepale ambapo jasho limezidi.

Yale mawigi yenye mkanda wa kitambaa mbele, yanayopendwa na wasichana kwa sababu huvaliwa haraka, yalionekana kuwa jibu, na kwa mbele yanafaa. Kisogoni huacha wazi sehemu ambayo mwenye nywele huifunika kwa nywele zake. Kofia ya satini sitaisemea mengi: imebuniwa kuteleza juu ya nywele, na juu ya ngozi tupu huteleza vilevile, mpaka asubuhi unaikuta chini ya mto.

Sasa kilemba cha fulana, ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Simaanishi vilemba vilivyokwisha kushonwa vinavyouzwa vikiwa na fundo mbele, kwa kuwa vingi ni vya poliesta na vina lastiki kwenye ukingo inayoacha alama kwenye paji. Ninamaanisha kilemba kinachoshonwa kutokana na kitambaa cha pamba chenye kunyumbuka kidogo, kile kile kinachotengenezea fulana. Fulana kubwa ya mtumba iliyofuliwa miaka mingi ni bora kuliko kitambaa kipya, kwa sababu ulaini wake tayari umeshapatikana na haitoi rangi. Mzunguko wa kichwa upimwe nywele zikiwa zimeshatoka, ukipitisha futi juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio na chini ya mfupa wa kisogo, kisha fundi apunguze sentimita mbili au tatu ili mnyumbuko wenyewe ukishike kichwa bila lastiki.

Mishono yote iwe nje. Fundi wangu, mzee mwenye kujivunia kazi yake, hakulipokea agizo hilo kwa furaha. "Mama, mshono ukiwa nje watu watasema fundi hajui kazi," alisema, na ilinibidi nimweleze kwa nini ndani patakuwa na ngozi peke yake. Alipoelewa alifanya zaidi ya nilichoomba: alilaza mshono, akaupigia overloki nyembamba, kisha akaufunika kwa kipande kirefu cha kitambaa hicho hicho kinachozungushwa kichwani na kuchomekwa kisogoni, hivyo aibu yake ikafichika na kilemba kikapata umbo. Kipande hicho hufanya kazi nyingine muhimu. Kipara kilichofunikwa kwa kitambaa kimoja chembamba huonyesha umbo lote la fuvu, na macho ya watu huelewa mara moja. Safu ya pili mbele na juu huongeza kimo kinachokaa mahali pa nywele. Kisogoni kitambaa kishuke mpaka karibu na ukosi, na ukingo upite juu ya masikio badala ya kuyabana, hasa kwa anayevaa miwani au barakoa.

Gharama ya vilemba kadhaa vya namna hii, fulana na ufundi pamoja, haikufikia bei ya wigi moja la nyuzi. Hufuliwa kila siku kwa sabuni isiyo na manukato makali na hukauka kabla ya jioni. Toleo jembamba, lisilo na kipande cha kuzungushia, ni la kulalia, na hukusanya vinywele vifupi vinavyoendelea kudondoka hata baada ya kunyoa, ambavyo huchoma kama miiba kwenye mto. Kasoro hazikosi. Baada ya miezi ya kufuliwa kitambaa hulegea na ni lazima kirudi kwa fundi, rangi za giza hupauka, na kwa mwanamke ambaye hajawahi kujifunika kichwa kazini, kilemba hutangaza mabadiliko ambayo wigi lingeyaficha.

Katika hilo la mwisho, Pwani imetupendelea. Mwanamke aliyejitanda khanga au mtandio hapa haulizwi kwa nini. Khanga peke yake huteleza juu ya kipara, ila ikiwekwa juu ya kilemba chembamba hutulia siku nzima. Ifuliwe kwanza, kwa maana khanga mpya ina wanga unaoifanya iwe ngumu kama karatasi. Kinachofichua ugonjwa kuliko kichwa ni uso, nyusi zikishatoka pamoja na kope, jambo ambalo huja baadaye na ambalo wengi hawaambiwi mapema. Wanja wa nyusi wa kahawia iliyokoza, mwepesi zaidi kidogo kuliko rangi ya nyusi zako, ulinisaidia kuliko wigi la bei kubwa, na ni vizuri kuzipiga picha nyusi zako kabla hazijatoka ili ujue zilipoanzia na zilipoishia.

Ndugu walioko Uingereza na Marekani huuliza kuhusu kofia ya ubaridi, na swali lao lina msingi. Ni mashine inayopoza ngozi ya kichwa kabla ya dripu, wakati wa dripu na baada yake, ili mishipa midogo ya damu isinyae na dawa kidogo tu izifikie nywele. Zinazojulikana zaidi ni Paxman ya Uingereza na DigniCap ya Uswidi, ambayo iliidhinishwa Marekani Desemba 2015. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la JAMA la Marekani, uliohusu wanawake wenye saratani ya matiti, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliovaa kofia ya Paxman walibaki na zaidi ya nusu ya nywele zao, ilhali miongoni mwa wasioivaa hakuna hata mmoja aliyebaki na kiasi hicho. Matokeo yalikuwa bora kwa dawa za kundi la paklitakseli kuliko za kundi la doksorubisini. Jambo linalosemwa kwa nadra ni kwamba kofia inapaswa kuigusa ngozi barabara, na nywele zetu nene za kujikunja huacha nafasi ya hewa kati yake na ngozi. Utafiti mdogo uliofanywa Marekani kwa wanawake weusi peke yao ulisimamishwa mapema kwa sababu karibu wote walipoteza nywele. Sikuitumia, na kwa ushahidi huo sikuona sababu ya kuitamani.

Nywele huanza kurudi kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya dozi ya mwisho, kwanza vinyweleo laini, mara nyingine vyenye mkunjo au rangi tofauti na ya zamani. Dawa ya kunyoosha nywele isubiri, na kusuka kwa kuvuta kusubiri pia. Hapo ndipo mawigi yalipopata kazi yake: ngozi imetulia, vinywele vifupi vinakinga dhidi ya mishono, na kwenye harusi ya jioni wigi la nywele za binadamu hukaa bila gundi kwa saa kadhaa. Hata wigi la nyuzi linaweza kuokolewa kwa ajili ya kipindi cha kipara chenyewe, ukimpelekea fundi alifumue vitana na kulishonea ndani bitana ya fulana. Mwenye nia hiyo anunue kubwa kidogo kuliko kipimo chake, kwa sababu bitana hula nafasi, na vile vibanio vya nyuma vya kukazia navyo viachwe nje ya bitana ili viweze kulegezwa nywele zikianza kuota.